Viko vya Magunzi Ukutani Kwangu

Mimi sivuti tumbaku. Sijawahi kuvuta, na wala si kwa utakatifu. Moshi hunikaba koo, basi. Naanza na hilo kwa sababu kila anayeingia nyumbani kwangu Nawoitorong, hapa Lodwar, akauona ukuta wa sebule, swali lake la kwanza ni kama navuta, na la pili ni kama nimeokoka. Nimechoka kujibu. Ukutani nimetundika viko vya magunzi ya mahindi, vya kale, vilivyovutwa na watu mpaka vikapata rangi ya chai ya rangi. Kila kimoja kina uzi wake na msumari wake. Nimevikusanya kwa miaka mingi, na sitaviondoa.

Watu wa Lodwar wanamwelewa mtu anayekusanya mbuzi. Wanamwelewa hata anayekusanya vyeti vya semina, maana hao tunao wengi, wamevitundika mpaka chooni. Lakini mwanamke mjane, fundi cherehani, kukusanya vitu vilivyonyonywa na vinywa vya watu asiowajua, hilo limewashinda. Wengine husema ni uchawi. Wacha waseme, mdomo ni wao na ukuta ni wangu.

Asiyekulia Turkana huenda asione ajabu ya gunzi. Kwingine gunzi ni kuni, ni kizibo cha chupa, ni kitu cha kusugulia masufuria. Kwetu mahindi hufika yameshapukuchuliwa, ndani ya gunia, kwa lori kutoka Kitale au kwa lori la msaada. Nimekula ugali utoto wangu wote bila kujiuliza hata siku moja punje zile zilikuwa zimeshikamana na nini. Ndiyo, mahindi mabichi ya kuchoma hushushwa stendi, lakini gunzi la hindi bichi ni laini, na likikauka hunywea likawa si kitu. Kiko kinataka gunzi la hindi lililokomaa shambani likamalizikia kukauka juu ya meko. Yaani kinataka mtu aliyekuwa na shamba na jiko lake mwenyewe. Hata kando ya mto Turkwel, wanakolima kwa mifereji, magunzi hubaki huko huko yakaliwa na mbuzi. Kwa hiyo gunzi gumu likifika mjini kwetu, ujue kuna mtu aliyelibeba, na mtu habebi gunzi bila sababu.

Wa kwanza kunifundisha hayo alikuwa bibi mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nilikuwa nikifuata vitenge huko, kwa kuwa Wakongo na Warundi wanakijua kitenge, hawakuuzii kinachochuja rangi kwenye beseni la kwanza. Bibi huyu alikuwa na kibanda cha mabati, amekaa juu ya kreti ya soda, akipima kitambaa kwa mkono wake toka puani hadi kidoleni, na mdomoni ana kiko cha gunzi. Alikuwa akikujibu bei kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kiko chake kimezimika.

"Najua," akasema. "Haiko ya moto kila saa. Iko ya kushika."

Nikafikiri ni maneno ya kizee tu. Lakini nilirudi mara nyingi, na kadiri nilivyorudi ndivyo alivyozidi kunisogezea kipande cha kreti nikae. Siku moja alinisimulia, huku mikono ikiendelea kukunja vitenge, kana kwamba anaeleza habari za soko.

"Muhindi ilikuwa inakauka juu ya moto, mu jikoni," alisema. "Bale batu bakaingia. Nikakamata moja tu, nikakimbia na batoto. Mu njia batoto bakakula mbegu moja, moja, moja. Ikabaki hii."

Akakitoa kiko mdomoni, akakigeuza nikione. Vishimo vya punje bado vilikuwepo, vimejipanga, vimelainishwa na vidole.

"Mbona hukulitupa, Bibi?"

"Nikiitupa, niko mutu wa wapi? Shamba yangu yote ndiyo hii. Lakini batu banaanza kuuliza, mama, unabeba gunzi ya nini, kichwa iko muzima? Basi nikatoboa, nikatia mrija. Nikaanza kuvuta ili nikuwe na sababu ya kuishika."

Siku ile nilirudi Lodwar na vitenge na wazimu. Nikaanza kuuliza kila mahali nani ana kiko cha gunzi. Mrundi mmoja aliyekuwa akichonga vinyago karibu na kambi alinipa cha baba yake, kimefungwa mkanda wa bati uliokatwa kwenye kopo la mafuta ya msaada. Mlinzi wa nyumba ya wageni alinipa cha mama yake, kilichotoka mashamba ya kando ya Turkwel, pengine ndicho pekee chenye gunzi la Turkana hasa. Msomali mwenye duka la vipuri alinitolea kimoja cha kiwandani, kimepakwa vanishi, kina mrija wa plastiki, kilichosahauliwa na rubani wa zamani wa kiwanja chetu cha ndege. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Mama, mimi nilikuwa natafuta pa kutupa takataka, wewe unatafuta takataka. Mungu ametukutanisha." Nami nikacheka. Mpaka leo akipata cha ajabu hunitumia salamu kwa boda boda.

Nikajifunza. Kiko cha zamani hukijui kwa nje, kwa sababu jua la huku huzeesha kila kitu, hata watu. Unakitazama ndani. Cha uongo kimeunguzwa kwa kijinga cha moto, masizi yake hung'oka kwa ukucha. Cha kweli kina ganda gumu jeusi, limejijenga moshi juu ya moshi, na chini yake gunzi limelowa utomvu wa tumbaku mpaka linanata. Na mrija una alama za meno. Kuna mtu aling'ata hapo alipokuwa na njaa, alipokuwa na hasira, alipokuwa hana la kusema. Nikaweka majani ya mwarobaini kwenye boksi ili wadudu wasivitoboe, kisha boksi likajaa, ndipo nikahamia ukutani.

Bibi akapata safari. Familia yake iliitwa kwenda kuishi ng'ambo, nchi ya theluji, baada ya kusubiri mpaka wamesahau kwamba wanasubiri. Nilikwenda Kakuma kumuaga. Wanawe wakubwa, watu wa kanisa, wamevaa viatu vipya, walikuwa wamemwambia kiko hakipandi ndege. Kinanuka, kitawaaibisha, watakaguliwa na kurudishwa. Alinivuta nyuma ya kibanda akaniwekea kiko kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Hii siko nakupatia," akasema. "Ninakuwekesha. Siku moja nitapiga simu, ile ya kuonana sura. Nitakuambia, nionyeshe shamba yangu. Unionyeshe."

"Nitakuonyesha, Bibi."

"Usisahau. Kule hakuna mutu atajua kama nilikuwa na shamba."

Nilikitundika katikati ya ukuta. Vile vingine vyote ni vyangu. Kile kilikuwa amana, na amana haina mjadala.

Sasa nije kwa shemeji yangu. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, ana kazi ofisi za kaunti, na kanisani ni mzee wa kanisa. Sina ugomvi na dini yake. Nagombana na tabia yake ya kuingia nyumba ya mtu na kuanza kupanga vitu. Nyumba yangu nimeijenga kwa cherehani, tofali kwa tofali, lakini yeye akiingia hukaa kiti cha mume wangu na kutazama ukuta wangu kana kwamba unamtukana.

"Shemeji, hii ni roho mbaya," alianza siku moja. "Tumbaku ni mlango wa shetani. Na hata kama ni utamaduni, hii sio ya Waturkana. Ungeweka ekicholong, ile kiti yetu ya kichwa, mimi ningekuelewa. Hizi ni za wakimbizi."

"Na mama yako je? Tumbaku anayotafuna ni mlango wa nani?"

Akageukia mlango. Mama yake alikuwa kizingitini, anatafuna, anatema, na tumbaku yenyewe na magadi yake kaileta yeye shemeji kwa mkono wake. Mama mkwe wangu anaishi nami tangu mwanawe alipofariki. Hana meno mengi lakini tumbaku haimshindi. Huiweka kwenye kopo la bati lililokuwa la kakao, na kopo hilo hata mwanawe mzee wa kanisa haligusi. Kwetu unaweza kugusa kitabu cha mchungaji kabla ya kugusa kopo la tumbaku la mwanamke mzee.

Basi shemeji na watu wa kanisa lake wakapanga maombi ya ukumbusho wa mume wangu, nyumbani kwangu. Sikukataa, nilimpenda mume wangu, na wimbo wa kanisa haujawahi kuua mtu. Lakini siku moja kabla, mwenzangu tunayeshona naye sokoni akaninong'oneza kwamba shemeji amewaambia vijana wa kwaya waje na mafuta ya taa. Viko vitachomwa uani baada ya sala, ghafla, ili nisiwahi kubisha. Sikulia. Nilishona suruali tatu kwa hasira na zote zilitoka vizuri.

Vyangu sikuviondoa. Nilisema vitabaki ukutani na nitasimama mbele yake, tuone nani atanisogeza. Lakini kile cha Bibi hakikuwa changu kukiweka vitani. Nikatafuta pa kukificha. Kabatini watapekua, chini ya kitanda watapekua. Mwisho nikaliona kopo la kakao. Mama mkwe alikuwa amelala kivulini, nami nikakitia kiko humo, nikafunika. Sikumwambia, maana mama yule siri haikai kwake. Angemwambia mwanawe kabla uji haujapoa. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Watu walikuja wengi. Walikaa kwenye mikeka, viti, hadi kwenye mkokoteni wa maji. Tukaimba, tukamkumbuka marehemu, mimi nikafuta machozi ambayo hayakuwa ya mtu mwingine ila yake. Kisha shemeji akasimama, akafunga Biblia kwa sauti.

"Wapendwa, leo nyumba hii inawekwa huru," akasema. "Vijana, toeni vile vitu ukutani."

Nikainuka. Nina mwili wa kutosha, na mgongo wangu niliuegemeza ukutani, viko vikanigusa mabegani.

"Nyumba hii iko huru tangu nilipomaliza kulipa fundi wa mabati," nikasema. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Anayetaka kutoa kitu hapa aanze kunitoa mimi."

"Shemeji, usishindane na Mungu."

"Mungu sijamwona na mafuta ya taa. Nimewaona nyinyi."

Mtu akacheka nyuma, kisha mwingine. Kijana mmoja wa kwaya akaweka dumu chini polepole, kama ndiyo kwanza amelitambua. Wanawake wa mikekani wakaanza kunitazama tofauti. Mmoja wao, mke wa mwalimu, akasema kwa sauti kwamba bibi yake wa Katilu alikuwa nacho kama hicho cha mkanda wa bati, na akauliza kama anaweza kukisogelea. Shemeji akabaki na Biblia kifuani na hana wa kumtuma. Akaketi.

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na hasira tamu, ile inayomfanya mtu atake na cha juu. Pale katikati ya ukuta palikuwa na msumari mtupu, na nilitaka nikitundike kiko cha Bibi mbele yao wote, wakione, ijulikane kwamba hata hicho sikifichi tena. Nikaenda kizingitini kwa mama mkwe.

"Mama, nipe kopo lako kidogo."

Akanitazama kwa macho yanayong'aa kwa furaha, shavu limevimba kama la mtoto mwenye peremende. Akanipa. Ndani, juu ya magadi, kulikuwa na mrija na nusu ya gunzi. Nusu nyingine ilikuwa mdomoni mwake.

Lazima nieleze, maana asiye wa boma letu atadhani mama mkwe alichanganyikiwa. Katika ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto hampi mama mkwe tumbaku mkononi kama anayelipa deni. Humtilia kwenye kopo asipoona, wala hasemi neno. Naye huikuta, huila, wala hashukuru. Ndiyo heshima yenyewe. Nimemtilia hivyo kwa miaka. Safari hii alikuta gunzi lililolowa utomvu wa tumbaku wa miaka mingi, akavunja, akachanganya na magadi, akaona mke wa mwanawe amemfanyia jambo kubwa siku ya kumkumbuka mwanawe.

"Ejok noi," akasema, yaani ni nzuri sana. "Hii etaba, tumbaku hii, ya wapi? Sijawahi kula kama hii."

Shemeji aliona mrija mikononi mwangu, akaelewa. "Umeona?" akasema. "Mungu amejibu mwenyewe."

"Aliyejibu ni mama yako," nikamwambia, "na amejibu kwa kutafuna tumbaku. Ukatubu wewe uliyemletea magadi."

Kicheko kilizuka, hata shemeji mwenyewe mdomo ulimcheza. Lakini mimi nilikwenda chumbani nikafunga mlango nikakaa kitandani na nusu ya shamba la mtu mkononi. Niliumia. Nilikuwa nimewashinda wote waliotaka kuliunguza, na limeondoka kwa heshima yangu mwenyewe kwa mama mkwe.

Mwenye duka la vipuri alipopata habari alinitumia ushauri. Alisema viko vya magunzi vyote vinafanana, na simu ya huko ng'ambo hukwama kwama. Nimwonyeshe Bibi kingine, atajuaje? Alisema kwa huruma, sikumkasirikia. Lakini sikufanya. Sikusimama mbele ya dumu la mafuta ya taa ili nije kumdanganya mwanamke mzee kuhusu shamba lake.

Bibi alipiga Jumapili, baada ya chakula. Sura yake ilijaa kioo, amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, na nyuma yake dirisha jeupe lisilo na kitu. Tulisalimiana, tukaulizana joto na baridi. Kisha akasogea.

"Nionyeshe shamba yangu."

Nikainua mrija na ile nusu. Nikamwambia yote, bila kuzunguka. Maombi, mafuta ya taa, kopo, desturi yetu, mama mkwe. Uso wake haukutikisika, nikadhani simu imekwama.

"Huyo mama iko wapi?" akauliza mwisho.

Mama mkwe alikuwa kizingitini kwake pale pale. Nilishamweleza lile gunzi lilikuwa la nani na lilitoka wapi, na tangu hapo alikuwa mpole, hajalifungua kopo. Nikamsogezea simu. Wazee wawili wakatazamana, mmoja na kofia ya sufu, mmoja na shanga shingoni, na Kiswahili chao kila mmoja na chake.

"Ni wewe njo ulikula?" Bibi akauliza.

"Mimi," akasema mama mkwe. "Sijui ni yako. Nafikiri ni zawadi."

"Ulitema?"

Mama mkwe akakasirika kidogo, kama aliyetukanwa. "Kitu ya zawadi mimi hapana tema. Nimemeza."

Bibi akavua kofia. Akaipangusia macho, akacheka, akalia, sikuweza kutenganisha.

"Basi ni vizuri," akasema. "Batoto bangu balikula mbegu. Wewe umekula gunzi. Shamba yangu imeliwa yote, hakuna kitu bametupa." Kisha akamwita mama mkwe dada. Akamwambia kwao mtu akila kwa shamba lako hawezi kuwa mgeni, kwa hiyo sasa ana ndugu Turkana, na wale wanawe wenye viatu vipya wasimwambie tena kwamba hana kwao.

Mama mkwe akaisogelea simu. "Shamba yako ilikuwa na mvua," akamwambia. "Nimesikia kwa mdomo."

"Ilikuwa na mvua," Bibi akasema. "Eh, dada. Ilikuwa na mvua sana."

Nusu ya gunzi na mrija wake vipo katikati ya ukuta sasa, kwenye msumari ule ule. Shemeji bado huja, na bado hutaka kiti cha mume wangu. Nimekihamisha kiti hicho. Nimekiweka chini ya kiko cha Bibi, na akitaka kukaa, anakaa hapo.